KARANI TAMBA: RAFIKI WA MKULIMA ANAYETOWEKA

Ndugu mkulima, ndugu mfugaji, leo tuzungumze habari za karani tamba. Huyu ni ndege mrefu kupita mita 1, mapaja meusi, na manyoya marefu kisogoni. Ukitoka Mutuka ukashika njia ya Tarangire, anaishi kwenye mbuga za majani za upande ule. Kuruka anajua, lakini hupenda kutembea. Kwa siku aweza kwenda kilomita 20.

Je, anakula nini? Mahindi yako hayagusi, wala mbaazi. Chakula chake ni panzi, panya, mijusi na nyoka, ambao huwaua kwa teke. Mwaka 2016 wataalamu wa Uingereza walilipima teke hilo, wakaona nguvu yake ni mara 5 ya uzito wa ndege mwenyewe. Hatamaliza panya wote, lakini msaada wake haulipiwi.

Hata hivyo, anapungua. Mwaka 2020 shirika la IUCN lilimwingiza katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mbuga zinalimwa, majani yanachomwa moto, viota vinasumbuliwa. Hutaga mayai 1 hadi 3 juu ya mgunga, huatamia kama siku 45, na makinda hukaa kiotani miezi 2 hadi 3. Ukiukata mgunga huo kwa mkaa, uzazi mzima umepotea.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mgunga wenye kiota uachwe, na watoto wasiupande.

Pili, tusichome malisho ovyo. Ng'ombe nao wanayahitaji.

Tatu, sumu ya panya iwekwe mahali pa kufunika, na panya waliokufa wafukiwe. Ndege akimla panya mwenye sumu, naye aweza kufa.

Nne, tuwahesabu. Kila mwezi pita njia ile ile, saa ile ile ya asubuhi. Andika daftarini tarehe, mahali na idadi. Mkubwa ana uso wa rangi ya chungwa; mtoto uso wake ni wa manjano. Tofauti hiyo usiiache. Zizi lenye ng'ombe wazee tu bila ndama, mwenyewe wajua mwisho wake. Ukiona wakubwa peke yao mwaka hadi mwaka, mpelekee habari afisa wanyamapori mapema.

Haya, ndugu mkulima, daftari na kalamu vinatosha kuanza. Kazi njema.