Mjumbe wa Ubongo Afikaye Hadi Kwenye Kinga

Mafua yakiingia katika nyumba yenye mzee anayeugua demensia, swali hili halikosi: je, vidonge anavyomeza kila siku vinamshushia kinga? Dawa hizo hazimo katika kundi la dawa za kushusha kinga. Hata hivyo, anayeuliza ana haki, maana kinga nayo huguswa, ingawa kwa njia ya mzunguko.

Tuanze na dawa tatu za demensia: donepezili, rivastigimini na galantamini. Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya huivunja kemikali hiyo mara moja. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, asetilikolini hupungua, hivyo dawa hizi hukizuia kimeng'enya ili kidogo kilichobaki kidumu.

Lakini mjumbe huyu hakai ubongoni tu. Ndiye anayetumwa na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa hupata kichefuchefu, huharisha, au mapigo yao ya moyo hushuka. Mwaka 2000, mtafiti Kevin Tracey na wenzake huko New York waliwatia panya sumu ya bakteria, kisha wakaichochea neva hiyo kwa umeme. Panya hao walitoa kiasi kidogo cha TNF, moja ya kemikali zinazowasha moto wa kinga: homa, uvimbe na maumivu. Mwaka 2003 kundi hilo likaonyesha kipokezi kilichopo kwenye seli za kinga ambacho huipokea amri ya asetilikolini ya kupunguza moto.

Je, moto ukipunguzwa virusi havipati mwanya? Inategemea wakati na kiasi. Katika COVID-19, jaribio la RECOVERY la Uingereza mwaka 2020 lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa inayozima moto huo kwa nguvu, iliokoa maisha ya wagonjwa waliohitaji oksijeni, lakini haikuwafaa wasioihitaji. Ukilinganisha na deksamethasoni, amri ya donepezili ni mnong'ono tu.

Memantini, dawa nyingine ya demensia, ina historia tofauti. Ni ndugu wa amantadini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1966 kwa ajili ya mafua ya aina A. Amantadini haikuigusa kinga. Ilikiziba kijitundu ambacho kirusi chenyewe hukitegemea. Virusi vya mafua vikaizoea, na Januari 2006 madaktari wa Marekani wakashauriwa kuiacha kwa kazi hiyo. Kwa hiyo asiwepo wa kumpa mzee memantini akidhani inatibu mafua.

Kidonge cha kukitazama kwa makini ni kingine: kile cha kumtuliza mzee anayepiga kelele au kutanga usiku, cha kundi linalotibu skizofrenia. Mwaka 2005, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipitia majaribio 17 ya dawa mpya za kundi hilo kwa wazee wenye demensia. Katika jaribio la kawaida la wiki 10, walifariki takriban asilimia 4.5 ya waliozitumia, dhidi ya 2.6 ya waliopewa vidonge bandia. Vifo vingi vilitokana na moyo au maambukizi kama nimonia. Mzee aliyelegezwa na dawa hamezi vizuri wala hakohoi kwa nguvu, na chakula au mate huweza kuteremkia mapafuni.

Basi usimkatishe mzee dawa ya kumbukumbu kwa hofu ya virusi, na chanjo zake zisipitwe. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usiseme demensia imepanda: hata bila homa, huenda ni maambukizi. Mpeleke apimwe, ubebe vidonge vyake vyote, na kwa daktari uanze kuuliza kuhusu kile cha kumtuliza.