Umejenga Swimming Pool Home? Kale Kabango ka "Swim at Your Own Risk" Hakatakuokoa

Umeomoka. Keja iko Kitengela, Ruiru ama Nyali, nyasi imekatwa fiti, na huko nyuma kuna pool ya bluu ambayo cousins wanapost kuliko wewe mwenyewe. Kila Sunday wageni hawaishi. Kwa ukuta umetundika kabango: "Swim at your own risk." Ukajiambia hapo umemalizana na mambo ya sheria.

Bado, msee. Hako kabango ni mwavuli wa karatasi.

Kenya kuna sheria inaitwa Occupiers' Liability Act, Sura ya 34. Wengi hawajawahi kuiskia mpaka siku wakili anawatumia barua. Kwa lugha ya mtaa inasema hivi: kama wewe ndiye unasimamia mahali, una jukumu la kuhakikisha mgeni yuko salama, kwa kiasi kinachofaa, akifanya ile kitu ulimwitia. Ukiita watu waogelee, pool lazima iwe salama ya kuogelea.

Na mambo ya kuonya watu imetajwa kabisa. Kumwonya mgeni peke yake hakukutoi kwa lawama, isipokuwa hilo onyo lilitosha kumfanya awe salama. Sasa cheki kwako. Upande wenye kina kirefu haujaandikwa popote, taa imeungua tangu December, maji yamegeuka rangi ya sukuma huoni chini. Mtu adive agonge kichwa, halafu wewe ujitetee na kabango? Kama jamaa alikuwa amelewa chakari, korti inaweza kumgawia sehemu ya lawama. Yako inabaki palepale.

Alafu kuna watoi. Mtoi wa miaka 3 hasomi kabango. Sheria yenyewe inasema mwenye mahali ategemee watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Kwa hivyo ile story ya "si mamake alikuwa hapo" haikutoi moja kwa moja.

Hapa ndio wasee wa Airbnb wanafaa kuamka. "Occupier" si lazima awe mwenye title deed. Ni yule ana usemi juu ya mahali. Umekodisha nyumba ya mtu, ukaifanya ya kulaza wageni na pool party za weekend? Hiyo jukumu inaweza kukuangukia wewe, ama wewe na landlord pamoja. Na mtu akikufa kwa uzembe mkubwa, mambo haiishii kwa fidia. Penal Code, kifungu cha 202, inahesabu kuacha kutimiza jukumu la kulinda maisha, kwa uzembe wa kupita kiasi, kama kuua bila kukusudia. Hapo unaongea na karao, si insurance.

Sasa kile kinaua watu. Movie zimetudanganya. Mtu anayezama hapigi nduru wala kupunga mikono. Mdomo unaingia na kutoka kwa maji, hana hewa ya kuita mtu. Mtoto anaweza kushuka chini kimya, mita mbili kutoka kwa meza ya nyama choma, na ubongo unaanza kuumia baada ya dakika chache tu bila hewa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka wa 2021, karibu robo yao wakiwa watoto chini ya miaka 5.

Ndio maana fence inashinda kila kitu. Na si ile ya compound. Ni fence ya kuzunguka pool yenyewe pande zote nne, ndio mtoi akitoka kwa mlango wa kitchen asipate njia. Urefu usipungue mita 1.2, nafasi kati ya vyuma isizidi sentimita 10, na gate ijifunge yenyewe, lachi ikiwa juu mahali mtoto hafiki. Usiweke viti vya plastiki karibu na hiyo fence, watoi wanajua kupanda. Ufaransa walichukulia hii kitu serious hadi mwaka wa 2003 wakapitisha sheria ya kulazimisha pool za kibinafsi ziwe na fence, alamu, kifuniko ama paa.

Kitu ingine watu hawaangalii ni ile dreni ya chini. Pampu inavuta maji na nguvu mbaya. Mwaka wa 2002 huko Marekani, msichana wa miaka 7, mjukuu wa James Baker aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alishikwa na dreni ya hot tub akafa. Mamake alijaribu kumtoa, akashindwa. Mwaka wa 2007 wakapitisha sheria ya vifuniko vya dreni yenye jina la huyo mtoto. Kwa hivyo kifuniko kikipasuka ama kikipotea, usingoje fundi wa Jumatatu. Zima pampu, toa watu kwa maji.

Dawa nazo zifungiwe. Chlorine na asidi zisikutane kabisa, hata kwa ndoo moja, ju zinatoa gesi ya sumu. Na dawa ndiyo inamwagwa kwa maji, si maji kwa dawa. Ukisafiri miezi mitatu uache pool ikuwe bwawa la mbu, afisa wa afya ana nguvu chini ya Public Health Act ya kukulazimisha usafishe.

Insurance? Zile package za nyumba huwa na sehemu ya lawama ya mwenye nyumba na ya anayeishi hapo, na nyingine ya wafanyakazi wa nyumbani. Uliza agent, kwa maandishi, kama pool imeingia, na kama bado inalipa ukikodishia wageni. Hiyo swali ya pili ndiyo huwa inawafanya wakohoe.

Ukiwa na mgeni yeyote, chagua mtu mmoja mzima wa kuangalia maji. Hana chupa, hana simu, na akichoka anapokezana na mwingine. House help anayepika chapo za watu 20 si lifeguard. Na angalau mtu mmoja kwa hiyo nyumba ajue CPR, ikiwemo kupuliza hewa mdomoni, ju aliyezama shida yake ya kwanza ni hewa. Anza hapohapo kando ya pool mwingine akipiga 999 ama 112.

Kabla wageni wa hii Sunday wafike, enda ufungue ile gate halafu uiachilie. Isipojifunga yenyewe, hakuna mtu anaingia maji siku hiyo.