Tope Halishindwi kwa Ghadhabu

Leo sitawaletea habari za tenzi wala za ngoma. Nitawapa kisa cha tope na cha lori lililozama ndani yake, kwani katika tope lile nilipata funzo ambalo chuo na kalamu havikunipa kwa miaka yote niliyovitumikia.

Ndugu yangu alipofariki aliacha mjane, watoto 4, na kiwanja huko Jomvu, bara ya magharibi ya Mombasa. Fedha kidogo alizoacha ziliwekwa mikononi mwangu ili niwajengee watoto nyumba. Mali ya yatima ni kaa la moto, na mwenye kulishika hana usingizi. Kila shilingi niliyotoa niliiandika katika daftari, usiku, taa ikiwaka.

Msingi ulianza kuchimbwa Oktoba mwaka 2023, vuli ikiwa mlangoni. Fundi wetu aliniambia, "Maalim, mawe na yashushwe kule barabarani, tuyalete kwa mkokoteni. Ama sivyo tungoje ardhi ishike." Mimi nilihesabu ujira wa wachukuzi, nikaona ni fedha za watoto zinazopotea bure. Nikaamuru lori liingie mpaka ndani.

Vuli ya mwaka ule, iliyotiwa nguvu na El Niño, haijasahauliwa katika pwani yetu. Novemba mafuriko yalikata barabara na maji yakalala majumbani mwa watu. Sisi tulipata siku 2 za jua katikati ya mvua, nami nikadanganyika. Juu ardhi ilikuwa kavu kama mkate wa mofa, kumbe chini ni uji mtupu. Lori la mawe ya matumbawe halikwenda hatua 20 ila magurudumu ya nyuma yalididimia. Dereva akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, tope likaruka hadi kwenye nguo zetu, na kila yalivyozunguka ndivyo yalivyozama, mpaka tumbo la gari likalala chini.

Hapa yafaa nieleze kidogo, kwani wengi wetu tuliozaliwa kisiwani hatuijui ardhi ya bara. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na sehemu nyingi za ufuo wetu ni mchanga. Mvua ikinyesha huko, maji hupenya yakaenda zake. Lakini ukivuka kwenda Changamwe na Jomvu, chini kuna mwamba laini wa tabaka tabaka, asili yake ni tope la bahari ya zamani mno, nao ukioza huzaa udongo wa mfinyanzi. Udongo huu huyanywa maji na kuyashika, ukavimba na kuteleza. Gurudumu linalozunguka pahali pamoja juu yake ni kama mchi ndani ya kinu: halitoki, linatwanga tu. Na tumbo la gari likishalala chini, magurudumu hayana uzito tena wa kuyawezesha kushika ardhi. Tangu hapo mafuta yote yanayochomwa ni ya bure.

Palikuwa na tingatinga lenye mkono wa kuchimbia, tulilolikodi kwa saa ili lichimbe shimo la choo. Nikamwambia mwendeshaji wake alivute lori lile kwa waya wa chuma. Yeye akasitasita, nami nikamhimiza, maana kila saa ilikuwa fedha. Waya ukafungwa mbele ya lori, tingatinga likavuta kwa kishindo. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili waya ulikatika.

Sauti ile sitaisahau. Ilikuwa kama upepo wa upanga. Waya ulipita hewani ukaukata mpapai uliokuwa kando, ukaanguka nusu. Chini ya mpapai ule, muda mchache kabla, alikuwa amesimama mtoto wa mwisho wa marehemu ndugu yangu, kijana wa miaka 9, akitazama mashini kama watoto watazamavyo. Mamake alikuwa amemwita akachukue chai. Ni chai ile tu, kwa rehema ya Mola, iliyomnusuru. Nilikaa chini juu ya jiwe, magoti hayana nguvu.

Ndipo akaja mzee mmoja wa jirani, nahodha wa majahazi aliyestaafu. Alitoa salamu, akalizunguka lori polepole, kisha akamuuliza dereva, "Mwanangu, chombo kikipanda fungu la mchanga, kikapwelewa, nahodha hufanya nini? Hutweka tanga?"

Dereva akasema, "La, mzee. Hupunguza shehena."

"Basi wewe shehena yako yangoja nini?"

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Methali hii nimeiandika mara nyingi katika ukurasa huu, lakini siku ile sikuikumbuka. Tulipanga mstari, watu 11, tukayapokezana mawe moja baada ya moja hadi alasiri. Gari lilipokuwa tupu, likainuka kidogo lenyewe.

Kazi iliyobaki ilifanywa kwa akili. Tuliyateka maji kwenye mashimo kwa ndoo. Tukachimba chini ya tumbo la gari mpaka likawa wazi, na nyuma ya kila gurudumu tukachonga mteremko, kwa sababu njia nzuri ya kutokea ni ile uliyoingilia. Mzee alitupa boriti kuukuu za nyumba iliyobomolewa, tukazilaza kwa mkingamo kama vidato vya ngazi, na vipande vya mawe katikati yake. Magurudumu yakapunguzwa upepo ili yatanuke na kukanyaga pahali papana zaidi, kisha yakajazwa tena kabla ya kurudi barabarani.

Tingatinga nalo lilikuwa limeanza kuzama. Mwendeshaji wake hakuomba msaada. Alikandamiza ndoo ya mkono wake ardhini, magurudumu ya nyuma yakainuka, tukatia mbao chini yake. Halafu akatumia mkono ule ule kujisukuma, kama mtu ajisukumaye kwa upondo, hadi penye ardhi ngumu. Asubuhi ya pili alilivuta lori kutoka nyuma, waya mpya ukiwa umefungwa kwenye chesisi, magunia mazito ya maji yametandikwa juu ya waya ili ukikatika usiruke. Watu wote tuliwaweka mbali, zaidi ya urefu wa waya wenyewe. Alivuta pole, kwa mstari mnyoofu. Lori likatoka kama jino bovu.

Enyi mnaojenga, haya ndiyo niliyoyapata. Mwanzo wa nyumba ni njia ya kuifikia. Vitu vizito vileteni wakati wa kaskazi, Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu. Msingoje masika, ambayo hapa Mombasa huzidi mwezi wa Mei. Mkiwa hamna budi, tieni vifusi na mawe ya matumbawe njiani, unene wa futi 1 na zaidi, na upande wa juu wa kiwanja chimbeni mfereji maji yapite kando. Gari zito lisikaribie ukingo wa msingi uliochimbwa, kwani udongo uliolowa humomonyoka. Na tope lililokorogwa na magurudumu lisijengewe juu yake: liondoeni lote mpaka mfikie udongo mgumu, la sivyo ukuta utakuja kuwadai kwa nyufa.

Nyumba ilikwisha, na watoto wanakaa ndani yake. Lakini kodi ya lori na ya tingatinga kwa siku 2 zile, na bei ya waya, hazimo katika daftari la mayatima. Niliziandika katika langu, kwa kuwa haraka ilikuwa yangu. Nami namalizia kwa ubeti huu, niliomsomea mzee nahodha barazani kwake, akacheka:

Gari likizama tope, dereva usihimize,
Mzigo chini utupe, uzito uupunguze,
Njia boriti uipe, na mawe uyatandaze,
Kuvuja kwake pakacha, ni nafuu mchukuzi.