Mahkama ya Afrika ya Arusha: Ni Kesi Gani Inaweza Kuzisikiliza?

Sifa zote njema ni za Allaah, na Rahma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Familia iliyodhulumiwa na vyombo vya dola huweza kufikiria kwenda Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Kabla ya kutoa gharama, tufahamu kwanza mamlaka yake.

Katika fiqhi, Qaadhi huhukumu ndani ya mipaka ya uteuzi wake. Qaadhi wa Zanzibar husikiliza ndoa, talaka na mirathi, si kesi ya wizi. Mahkama ya Arusha nayo ina mipaka, iliyowekwa na Itifaki ya 1998. Katika kila kesi hujihakikishia mamlaka kwanza, hata kama serikali haikupinga. Huangalia mambo manne:

1. Jambo lenyewe: haki inayodaiwa iwe katika Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, au mkataba mwengine wa haki za binadamu ambao nchi imeuridhia.

2. Wahusika: anayeshitakiwa ni nchi iliyoridhia Itifaki. Mtu binafsi hufungua kesi moja kwa moja ikiwa tu nchi imetoa tamko la kuruhusu.

3. Wakati: uvunjaji uwe umetokea baada ya nchi kujifunga, au uwe unaendelea. Katika kesi ya Mchungaji Mtikila iliyoamuliwa 2013, katazo la mgombea binafsi lilikuwa la zamani, lakini Mahkama ilisema bado linaendelea.

4. Mahali: litokee ndani ya nchi hiyo.

Kwetu sisi, kikwazo ni la pili. Tanzania ilitoa tamko 2010, ikaliondoa Novemba 2019. Mahkama iliamua kuwa kujitoa huko kunaanza baada ya mwaka mmoja, yaani 22 Novemba 2020, na hakufuti kesi zilizokwishafunguliwa.

Hivyo, anayekuahidi leo kukufungulia kesi mpya moja kwa moja Arusha dhidi ya Tanzania, usimpe pesa yako. Mlango uliobaki ni Kamisheni ya Afrika, Banjul, Gambia. Hiyo hupokea malalamiko ya watu binafsi, kwa kawaida baada ya kumaliza mahkama za nyumbani, na inaweza kuyapeleka Arusha.

Tanzania bado imefungwa na Mkataba na Itifaki, na Uislamu unatuamrisha kutimiza ahadi. Basi tuhifadhi hukumu na nyaraka zetu, na tumuombe Allaah Awanusuru waliodhulumiwa.

Na Allaah Anajua zaidi.