Bwawa Linalojaa Kimya Kimya

Wakulima wa nyanda za juu za Njombe wanavijua vinyungu: bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi, mashamba ya mlimani yanapokuwa makavu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kando ya mito, hivyo nafasi ya kinyungu imebana. Wakati huohuo Njombe na Makambako zinapanuka. Mji ukipanuka, maji yaliyokwisha kutumika majumbani huongezeka hata mito inapopungua, na mwenye bustani chini ya mji hatayaacha yapite bure.

Mambo haya yana mifano nchini. Huko Mabogini, Moshi, maji yanayotoka kwenye mabwawa ya kutibu majitaka hunywesha mashamba ya mpunga. Katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, mchicha umemwagiliwa kwa miaka mingi kwa maji ya mto unaopokea uchafu wa makazi na viwanda. Moshi kuna mabwawa kati ya choo na shamba; Msimbazi mto ndio umebebeshwa kazi hiyo.

Hata hivyo, bwawa nalo huzeeka. Linafanya kazi kwa kuyachelewesha maji: tope na mayai ya minyoo huzama, kisha jua huua vimelea katika mabwawa ya mwisho yenye kina kifupi. Mayai ya minyoo huhitaji takriban siku 8 hadi 10 za utulivu ili yazame. Tope lisipoondolewa, nafasi ya maji hupungua, na maji yaliyopaswa kukaa siku 10 hutoka mapema. Kwa macho ni yaleyale, yana kijani kilekile, na mpunga unastawi vilevile. Ndiyo maana kudorora huku hakupigiwi kelele: mavuno hayashuki, kinachopanda ni minyoo tumboni mwa watoto.

Njombe ina tatizo lake la ziada. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi ni kali. Katika maji baridi bakteria wanaosaga uchafu hulegea, na vimelea huchelewa kufa. Baridi hiyo huja kiangazi, mkulima anapoyahitaji maji kuliko wakati wowote. Bwawa lenye vipimo vya Dar es Salaam litaelemewa huku.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 hautegemei bwawa peke yake. Unapanga vizuizi kwa mfuatano: aina ya zao, umwagiliaji wa matone badala ya kumwagia majani kwa keni, kuacha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna, viatu na glovu kwa mkulima, kuosha na kupika. Kila kizuizi kina pengo lake. Bei ya mchicha ikipanda, anayetakiwa kungoja siku tatu huvuna kesho alfajiri. Kabichi ya kachumbari haipiti jikoni. Metali nzito za viwandani haziondoki hata sufuria ichemke mchana kutwa. Hizo huzuiwa kiwandani, kabla hazijaingia kwenye bomba la mji.

Mawengi, wilayani Ludewa, kuna funzo la karibu. Umeme wa maporomoko unaohudumia Mawengi, Lupande na Madunda uliwekwa chini ya chombo cha watumiaji, LUMAMA. Mitambo ya maji haina huruma: tope likiachwa kwenye banio, taa hufifia, na kila nyumba hujua usiku huohuo.

Bwawa la majitaka halina taa ya kufifia. Kwa hiyo taa yake itengenezwe: kina cha tope kipimwe kila mwaka, mayai ya minyoo yahesabiwe, yasizidi 1 kwa lita, na majibu yabandikwe mahali wakulima wanapochukulia maji. Fedha za kuondoa tope zitengwe kabla bwawa halijachimbwa. Mji usioweza kuzitenga ukiyaita maji yake “yaliyotibiwa”, mkulima atayaamini, na ataiacha ghafla hadhari aliyokuwa nayo alipoyaita majitaka.