Ndege wanaotaga juu ya mchanga wa mto

Samaki wengi tunaokula Lubumbashi wanatoka kwa wavuvi wa Kasenga, Bukama na Kikondja. Wakati wa kiangazi maji ya mto yakishuka, visiwa vya mchanga hutokea, na wavuvi hupiga kambi juu yake. Kumbe kuna ndege ambao nao wanangoja mchanga huo huo.

Mmoja wao kwa Kifaransa anaitwa bec-en-ciseaux, yaani mdomo kama mkasi. Mgongo wake ni mweusi, tumbo jeupe, na sehemu ya chini ya mdomo imepita ile ya juu kwa urefu. Huruka akikata maji kwa mdomo wazi mpaka aguse samaki mdogo. Anaishi kwenye mito mikubwa kama Zambezi, Luangwa na Kongo, mto ambao huku juu tunauita Lualaba.

Hajengi kiota. Anakwaruza kishimo mchangani na kutaga mayai mawili mpaka manne, yenye madoadoa, yanayofanana na mchanga wenyewe. Maji yanayozunguka kisiwa ndiyo ukuta wake. Wanyama wa porini hawafiki kirahisi. Lakini mtumbwi unavuka ukuta huo, na mara nyingi mbwa yumo ndani. Matumbo ya samaki yanayotupwa kambini yanaita kunguru, nao wakimaliza matumbo wanatafuta mayai na makinda.

Tena kuna jua. Mama hulowesha manyoya ya tumbo mtoni, anarudi kuyapoza mayai. Watu wakikaa karibu, anaruka na haji. Mchana wa mwezi wa tisa, mchanga huo hata mguu wa mtu hauuvumilii. Yai linaiva pale pale.

Torati inamwambia mtu aliyekuta kiota mtini au chini asimchukue mama pamoja na makinda (Kumbukumbu la Torati 22:6-7). Mimi naona shida yetu ni nyingine: mvuvi anaharibu kiota ambacho hata hakukiona.

Huko Marekani, kwenye fukwe za Atlantiki, wanazungushia viota kamba na vizimba vya waya. Kwetu hakuna anayehitaji waya. Hatuwezi kumwambia baba mwenye watoto aache kuvua, wala si lazima. Kuatamia ni kama majuma matatu, na makinda yanahitaji majuma mengine matano au sita kabla ya kuruka. Basi wavuvi wa kambi moja wakipatana kuacha kisiwa kimoja kwa miezi miwili, wakatega nyavu pembeni tu, mbwa wakabaki kijijini na matumbo yakafukiwa, kizazi kizima kinapona.

Na ukishuka mchangani ukaona ndege wanazunguka juu ya kichwa chako wakipiga kelele, ujue mayai yako karibu. Rudi kwa nyayo zako zile zile, ukitazama chini.