Kausha, Kaa Chini

Kuna fasheni imeingia mjini. Mtu akichoshwa na mishe anatangaza anaenda porini kujitafuta. Anakunja miguu juu ya jiwe, anafumba macho, anapigwa picha, anaposti, na jioni yuko zake kwenye nyama choma anakula bata kama kawa. Sisi masela wa Ngara na Biharamulo huwa tunacheka tu. Pori tumezaliwa nalo. Kama kukaa jirani na miti kungekuwa kunamtuliza mtu, Nyakanazi ingekuwa mji wa watakatifu. Nenda pale uone: malori yanapiga honi, wauza mayai wanagombania dirisha la basi, na kijiwe kimoja kina spika tatu, kila moja na ngoma yake.

Na pori lenyewe lilikuwa noma. Mabraza waliopanda mabasi miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 wana stori zake: pori la Biharamulo lilikuwa linapitwa kwa msafara, polisi wana mitutu, kisa majambazi. Njia ikiwa kimya sana, ndo abiria wanaanza kusali. Sogea mpaka Rusumo, ni balaa jingine. Mwisho wa Aprili 1994, ndani ya saa 24, wakimbizi zaidi ya laki mbili walivuka daraja kutoka Rwanda wakaja kutua Benaco. Kwa hiyo mzee wa Ngara akikukuta umekaa peke yako kichakani, macho umefumba, hakuoni mtu wa amani. Anataka kujua wewe ni mtoto wa nani na umefuata nini hapo.

Siku hizi upepo umebadilika. Mwaka 2019 mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba zaidi ya 4,700. Vijana wakaanza kunusa mchongo wa utalii. Kipindi hicho hicho mwanangu mmoja, fundi simu, akaanza kunipigia kelele kuhusu Wabudha wa Entebbe, Uganda. Yeye ndo mtu wa mwisho ningemdhania. Huyu jamaa akikaa dakika mbili bila kushika simu, ya kwake au ya mteja, anatetemeka. Mwisho nikafunga safari kwenda kwenye mafungo yao.

Ukiwa Kagera, Entebbe haikutishi kama Dar. Unatoka Biharamulo, unapita Muleba na Bukoba, unagonga muhuri Mutukula, unaikata Masaka, unavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe watu wakipiga picha, halafu Kampala na barabara ya Entebbe. Mwisho wa safari unaliona ziwa lile lile uliloliacha Bukoba. Kituo chenyewe cha Wabudha kiko Bulega, upande wa Garuga, na kilianzishwa 2005 na Bhante Buddharakkhita. Usidhani ni mtu wa kuletwa na ndege. Ni Mganda, jina la kuzaliwa Steven Kaboggoza, kakulia kwenye familia ya Kikatoliki. Mwaka 1990 alienda India kupiga kitabu, huko akakutana na watawa kutoka Thailand, akanogewa, na 2002 akavalishwa joho la utawa kule California. Karudi nyumbani, na mama yake mzazi naye baadaye akawa mtawa. Bi mkubwa kumfuata dogo kwenye dini mpya, hiyo sijawahi kuiona kitaani kwetu.

Kuna wale wa "achana na mambo ya Wazungu hayo". Wazungu wenyewe wameyaazima Asia. Na hapa Bongo Wabudha hawajaanza jana: hekalu lao lipo Upanga, Dar, tangu enzi ya Mwingereza, limeanzishwa na Wasinhala waliokuja kupiga kazi, na ndani kuna mti wa mbodhi uliotolewa Sri Lanka. Masela wanaupita kila siku wakiwahi daladala.

Sasa tuje kwenye mafungo yenyewe, maana hapo ndo wengi wanajichanganya. Wanadhani unaenda kula upepo wa ziwa. Mwana, unaamshwa kengele saa 10 alfajiri. Simu unaiweka pembeni. Kuongea hakuna, hata kumkonyeza jirani hakuna. Ukishaingia unakubali masharti, na sharti la kwanza ni kutoua kiumbe chochote. Ulipolisikia ukawaza ng'ombe na kuku, ukaona freshi tu. Subiri jioni mbu wa ziwani watie timu. Anatua shavuni, unamsikia anavyochagua sehemu, na mkono wako uko tayari kabisa, ila haupigi. Pale ndo nilielewa kwamba hawa jamaa hawana utani.

Halafu njaa. Saa 6 mchana ikishapita, msosi ndo basi mpaka kesho asubuhi. Unaambulia chai au maji. Sisi tuliozoea kushindilia ndizi na maharage usiku ndo tulale, tumbo linaanza kuhubiri katikati ya kimya, ukumbi mzima unasikia.

Kazi ni moja tu: kuangalia pumzi. Inaingia, unajua inaingia. Inatoka, unajua inatoka. Ikiwa ndefu unajua ni ndefu. Rahisi kinoma kuisikia, na ngumu kinyama kuifanya. Kabla hujafika pumzi ya tano kichwa kimeshasepa: jamaa anayekudai, demu aliyekuacha, bao ulilokosa ukiwa darasa la sita. Unakirudisha, kinasepa tena. Kama kuchunga mbuzi wa jirani, hakusikii na bado huruhusiwi kumpiga. Ukichoka kukaa unatembea, hatua moja moja, taratibu, macho chini. Ukituona kwa mbali ungesema tumeangusha msimbazi kwenye majani.

Mafundisho ya zamani ya Buddha kuhusu kukaa hivi yanataja sehemu tatu za kwenda: msituni, chini ya mti, au kwenye nyumba isiyo na watu. Mimi hii ya tatu ndo ilinigusa. Inamaanisha mwenye geto tupu kule Ngara mjini naye yumo. Miti inasaidia, sikatai, ila ndege kwarara wa Entebbe wana makelele kuliko makonda wa Benaco. Kinachokubana ni ratiba. Ni ile kengele ya saa 10, na kukosa pa kukimbilia. Mtu wa picha ya jiweni anachukua jiwe, kengele anaiacha.

Siku kimya kinafunguliwa nilikaa na jamaa mmoja wa Nairobi, Sheng imemjaa mpaka masikioni.

"Buda, hii form si mchezo," akanipa. "Siku ya kwanza nilitaka kutoroka, nirudi Nai na mguu. Saa hii ata simu naiogopa."

"Mwanangu, si wewe ulikuwa unakoroma alfajiri?"

"Zii! Nilikuwa nacheki pumzi."

Kurudi nyumbani ndo kesi. Bi mkubwa wangu, Mkatoliki wa jimbo la Rulenge-Ngara, kila Kwaresima yuko kwenye mafungo yake, akaniangalia kuanzia viatuni mpaka kichwani. Nimebadili dini? Sijabadili, mama. Nilimwambia nimekaa kimya, nimefunga kula usiku na sijasema uongo kwa muda wote huo. Akasema basi nirudi huko huko wanimalizie. Mshkaji wetu mwingine, swala tano, hakushangaa hata kidogo. Baba yake mdogo kila mwisho wa Ramadhani anahamia msikitini kukaa itikafu, simu kazima.

Mimi, fundi simu na masela wengine, akiwemo dereva boda mmoja, tukaamua tufanye mafungo ya kwetu, ya siku moja. Burigi-Chato tukaipiga chini: hifadhini huingii tu ukakaa chini ya mti unaoutaka, kuna kiingilio, kuna nyati. Tukachagua kilima cha shamba la mtu nje ya Ngara mjini, kwa ruhusa ya mwenyewe, na tukamtaarifu mwenyekiti wa kijiji mapema, kwa sababu zile nilizosema. Baridi ya huko alfajiri si ya kitoto, beba blanketi.

Ugomvi ukaja kwenye ndoo ya simu. Wote tukatumbukiza, fundi simu akiwa wa kwanza, mpaka tukampigia makofi. Dereva boda akagoma.

"Nyie mnaongea tu," akasema. "Mteja akinikosa leo anamchukua mwingine, kesho hanipigii. Na bosi jioni anataka hesabu yake, pumzi hapokei."

Tukajaribu kumlegeza. Tukamwambia atie kimya tu, aiweke mfukoni. Akakataa.

"Nichangieni hesabu ya bosi, nakaa hapa hata mwezi."

Tukaangaliana. Fundi simu akaingiza mkono mfukoni, akatoa buku mbili.